Kuchua shavu la mguu bila kulitesa

Kabla hujamkabidhi mtu shavu la mguu wako alichue, litazame kwanza. Kaa kitini, linganisha miguu yote miwili. Ukiona mmoja umevimba, una joto au umebadilika rangi, hasa baada ya safari ndefu, upasuaji, kujifungua au kufungwa plasta, usiukande. Nenda hospitali siku hiyohiyo. Huenda damu imeganda ndani ya mshipa, na kipande kikimeguka hukimbilia mapafuni. Aliyesikia mlio wa ghafla juu ya kisigino, kisha akashindwa kusimama kwa ncha za vidole, naye aende: yawezekana kano imekatika.

Kama hakuna dalili hizo, papasa. Ukikuta utepe mgumu wenye kinundu kinachouma kikiminywa, hapo mikono ina kazi. Kinundu hicho hupeleka maumivu mbali. Janet Travell, daktari aliyemtibu Rais John F. Kennedy, alishirikiana na David Simons kuchora ramani za maumivu ya namna hii. Msuli wa juu wa shavu huweza kuumiza upinde wa unyayo. Ule uliojificha chini yake huumiza kisigino. Ndiyo maana mtu anaweza kuchua kisigino kila usiku asipate nafuu. Wataalamu bado wanabishana kinundu hiki ni kitu gani hasa, lakini aliyelala usingizi mzuri baada ya kuchuliwa habishani.

Mgonjwa alale kifudifudi, na mto mdogo uwekwe chini ya vifundo vya miguu ili magoti yakunjike kidogo. Mafuta yawe machache, kwani vidole vikiteleza kinundu kinaponyoka. Pasha msuli kwa kiganja, ukitoka chini kuelekea juu. Kisha weka dole gumba juu ya kinundu, uzamishe polepole hadi maumivu yafike kama 5 au 6 kati ya 10. Hapo tulia, usisugue. Subiri sekunde 30 hadi 60. Maumivu yakififia na msuli ukilegea, zama kidogo zaidi. Yasipofifia, punguza, maana umezidisha. Wachuaji wengi husifiwa kwa vidole vya chuma, lakini mgonjwa aliyekunja uso na kubana pumzi anaukaza msuli uleule mnaotaka kuulegeza. Vinundu viwili au vitatu kwa siku vinatosha. Kibonyeo cha nyuma ya goti kiache kabisa, maana humo hupita mishipa mikubwa ya damu na ya fahamu.

Ukiwa peke yako, kaa kitini, laza shavu linalouma juu ya goti la mguu wa pili, ulitelezeshe taratibu. Goti litafanya kazi ya dole gumba.

Malizia kwa kunyoosha. Sukuma ukuta, mguu unaouma ukiwa nyuma, goti limenyooka, kisigino kikigusa sakafu, kwa sekunde 30. Kisha rudia goti likiwa limekunjwa kidogo. Wengi huruka hatua hii ya pili, nayo ndiyo inayoufikia msuli wa chini.

Viatu vya visigino virefu vipumzishe kwa muda. Mwenye kisukari aliyepoteza hisia miguuni, au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, asichuliwe kabla ya kumwona daktari. Na maumivu yanayokuja kila ukitembea na kuisha kila ukisimama yapeleke hospitali yakapimwe. Huenda damu haifiki vizuri mguuni.