Baiskeli ya Shule Apande Binti

Sekondari za kata zimesogeza elimu karibu, lakini katika vijiji vingi vya Bunda na Butiama mwanafunzi bado hutoka nyumbani gizani na kuingia darasani akiwa hoi. Dawa iliyo karibu ni baiskeli, na anayeihitaji kuliko wote ni binti. Anayetembea peke yake hakosi bodaboda wa kumpa lifti ya bure, na mwisho wa lifti hizo wazazi tunaujua.

Jimbo la Bihar, India, lilianza mwaka 2006 kuwawezesha wasichana wa sekondari kupata baiskeli. Walioandikishwa waliongezeka kwa karibu theluthi moja, hasa katika vijiji vilivyo kilometa 3 na zaidi kutoka shuleni.

Huku kwetu baiskeli ikinunuliwa, mara nyingi huishia kubeba madumu ya maji, tena mwendeshaji akiwa kijana wa kiume. Mkubaliane nyumbani mapema: siku za masomo ni ya mwanafunzi. Na wanaosema ni aibu msichana kupanda baiskeli waulizwe kama lifti ya bodaboda ndiyo heshima.

Ya mtumba inafaa, mradi fundi aikague. Mtoto akikaa kwenye siti, ncha za vidole vya miguu yote miwili ziguse chini. Kwa mwenye sketi, cheni iwe na kava. Breki zishike mbele na nyuma. Miteremko ya Butiama haitaki breki moja.

Masika yana adha yake. Udongo mweusi wa mbuga za Bunda hunata kati ya tairi na madigadi hadi gurudumu linagoma kuzunguka. Mtoto awe na kijiti cha kukwangulia, la sivyo ataibeba begani.

Siku ya kwanza mzazi aifuate njia yote pamoja naye, akichagua barabara za vijijini badala ya barabara kuu ya Mwanza–Sirari yenye malori na mabasi. Musoma mjini nako magari ni mengi. Pasipo na njia nyingine, wapite kushoto, mmoja nyuma ya mwenzake, bila kupakizana. Wakitaka kuvuka, washuke na kukokota.

Baiskeli isiyo na mahali pa kufungwa huibiwa. Wazazi, kwenye kikao kijacho cha shule ombeni banda la baiskeli, na fundi wa kijiji aalikwe kuzikagua kila muhula unapoanza.