Chakula na Nasaba ya Mwana-kondoo

SWALI: Mbona wana-kondoo wangu wa Dorper hula sana lakini baada ya mvua hudhoofu na fizi zao huwa nyeupe, hali wenzao wekundu wa Kimasai husitawi?
— Mfugaji, Kajiado

JIBU: Ndugu yangu, mwana-kondoo azaliwapo, ijapokuwa ameumbwa na matumbo manne, hutegemea lile la nne, kwani maziwa anyonyayo hupita katika mfereji wake maalumu na kuliepuka tumbo kuu, ambalo halipati nguvu ila kwa chakula kikavu, basi tangu juma la pili mwekee majani makavu laini na nafaka kidogo, kwa maana nafaka hukuza utando wa tumbo hilo na majani hulipanua, lakini nafaka ikizidi ghafla huleta uchachu unaoweza kumwua. Ama kwa nasaba, Dorper, aliyezalishwa Afrika ya Kusini, hukua upesi na kudai chakula kingi, hali mwekundu wa Kimasai, japo mdogo wa umbo, amejaaliwa kuwastahimili minyoo wanyonyao damu katika tumbo lile lile la nne, fadhila ambayo, kwa rai yangu, tumeidharau mno. Wafunue wana-kondoo wako wa Dorper kope: zikiwa nyeupe kama fizi, huenda ni minyoo hao wanaowanyonya damu, basi mwite bwana mifugo bila kukawia.