Somo: Pikipiki za Stima, Tuulize Kabla ya Kukopa



Siku hizi tunasikia sana habari za magari na pikipiki za stima. Faida zipo: hazitoi moshi, hazinywi petroli, na sehemu kubwa ya stima ya Kenya hutoka kwa mvuke wa Olkaria, maji na upepo. Lakini kikundi kabla hakijachukua mkopo, tuangalie upande wa pili.

1. Chaji. Petroli hununuliwa hata kwa chupa njiani. Betri ikiisha katikati ya Sori na Muhuru Bay, utasukuma. Kuchaji huchukua masaa, isipokuwa penye kituo cha kubadilisha betri. Na stima hupotea: tarehe 25 Agosti 2023 karibu nchi nzima ilikaa gizani.

2. Gharama. Betri ni ghali, na nguvu yake hupungua mwaka hadi mwaka. Kampuni zingine hukuuzia pikipiki, lakini betri inabaki yao. Unalipa kila ukibadilisha. Kituo kikifungwa, unabaki na chuma tu.

3. Madini. Betri zingine hutumia kobalti. Kobalti nyingi ya dunia hutoka Kongo, pande za Kolwezi, ambako hata watoto wamefanya kazi machimboni.

4. Betri iliyokufa. Hapa ndipo penye hatari kubwa. Betri ya lithiamu ikitobolewa huweza kulipuka moto. Betri ya risasi ina sumu inayoharibu akili ya mtoto. Kule Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwadhuru wanakijiji mpaka kikafungwa mwaka 2014. Wakiongozwa na mama Phyllis Omido, walienda kortini. Mwaka 2020 waliamuliwa fidia ya shilingi bilioni 1.3, kesi ikaendelea hadi Mahakama ya Juu, iliyorudisha fidia hiyo Desemba 2024. Lakini pesa haimrudishii mtoto afya.

Sisi pia tunazo betri kuukuu: za sola, za magari, za taa za omena. Tusizivunje. Tusimwage asidi karibu na ziwa. Tusiyeyushe risasi jikoni kutengeneza vizito vya nyavu.

Hatusemi pikipiki hizi zikataliwe. Tunasema muuzaji ajibu kwanza, na ajibu kwa maandishi.

Maswali ya kujadiliana:
- Betri ni ya nani, na ikifa nani ataichukua?
- Fundi wa karibu yuko wapi?
- Betri kuukuu za kijiji chetu ziko wapi leo? Watoto wanazigusa?