Dondoo muhimu: Kuonja wiski ya Uskoti kwa mara ya kwanza

Mkazi wa Buruburu au Umoja, mitaa ya Nairobi, aliyetimiza miaka 18, na ambaye dini yake haimkatazi, akitamani kuijua wiski ya Uskoti pasipo kuufilisi mfuko wake, na aanze na ya mchanganyiko kama vile Black & White au VAT 69, wala asihadaike na wanaodai kwamba bei ghali ndiyo sharti la ladha. Ikipatikana robo ya mililita 250, ya nini kukimbilia mzinga? Kabla ya kulipa, aikague stempu ya ushuru kwa programu ya Soma Label ya Mamlaka ya Mapato ya Kenya (KRA), maana chupa bandia si hadithi huku Eastlands, ilhali wiski halisi ya Uskoti, kwa mujibu wa sheria, hulazwa katika mapipa ya mwaloni si chini ya miaka 3, na kileo chake hakipungui asilimia 40.

Soda aiweke kando kwanza. Amimine kadiri ya vijiko viwili vya mezani katika bilauri yenye mdomo mwembamba, ainuse taratibu, kinywa kikiwa wazi kidogo, ili ukali usimchome pua. Kisha atie matone machache ya maji, anuse tena, na hapo huenda harufu ya asali, ya tofaa, au ya moshi hafifu ikajidhihirisha. Funda la kwanza huuzoeza ulimi tu. La pili, likizungushwa mdomoni kabla ya kumezwa, ndilo la kuhukumia. Barafu tele huififisha harufu. Aonje akiwa ameshakula, na kurudi nyumbani apande matatu.