Chipu ya Vinasaba na Vimelea Viharibuo Vinywaji

Juisi ya tufaha iliyopashwa moto kiwandani na kufungwa vyema yaweza kuharibika bila chupa kufura. Mharibifu ni bakteria Alicyclobacillus acidoterrestris, ambaye spora zake hustahimili joto la kupasteurisha, kisha huchipua katika uchachu wa juisi na kutoa gwayakoli, kemikali inayonuka moshi na dawa. Bakteria huyu hajulikani kuwaletea watu maradhi kwa njia ya kinywaji. Hasara ni ya mwenye kiwanda.

Kwa desturi, sampuli huoteshwa maabara na majibu hungojewa siku kadhaa. Chipu hufupisha muda huo. Ni kipande kidogo cha kioo au silikoni chenye vifereji vyembamba. Humo DNA ya kimelea hupashwa moto hadi takribani sentigredi 95 ili pande zake mbili ziachane, kisha hupozwa ili inakiliwe. Kila mzunguko huongeza nakala maradufu, hivyo mizunguko 30 yaweza kuzaa zaidi ya nakala bilioni 1 kutokana na moja. Tone likiwa dogo, hupata moto na kupoa upesi. Baadhi ya chipu hupachikwa pia vipande vifupi vya DNA, kila kimoja mahali pake. Nakala inayolingana nacho hunasa hapo na kutoa mwanga. Hivyo tone moja hupimwa kwa pamoja Lactobacillus brevis, adui wa bia, na chachu Zygosaccharomyces bailii, isiyojali sana vihifadhi.

Wauzaji husifu kasi, lakini tone hilo halitoshi kuwakilisha chupa nzima. Vimelea vikiwa vichache, sharti vioteshwe kwanza, na saa hizo hazihesabiwi katika matangazo. Aidha, DNA ya bakteria aliyekwisha kufa nayo hunakiliwa, na polifenoli za matunda huweza kuzuia kimeng'enya kinachonakili.

Kwa mhudumu wa afya, jambo zito zaidi ni kwamba chipu hujibu lile iliyoulizwa tu. Mwaka 1996 nchini Marekani, juisi ya tufaha isiyopasteurishwa ilieneza E. coli O157:H7, na mtoto mmoja akafariki. Bakteria huyo habadilishi harufu wala ladha, na chipu ya viharibifu pekee isingemwona. Basi mgonjwa mwenye kuhara damu aulizwe alichokunywa siku chache zilizotangulia, hata kama kilikuwa kitamu, na choo kipimwe kabla ya kuanza antibiotiki, kwani kwa maambukizi haya dawa hizo zaweza kuongeza hatari ya figo kudhurika.