Utupa

Utupa ni mmea wa Afrika, uotao hata katika nchi zilizo kandokando ya Ziwa Viktoria. Maua yake ni meupe au ya zambarau, mfano wa maua ya kunde. Majani yake yana sumu iitwayo rotenoni, imzuiayo samaki asiweze kuitumia hewa iliyomo majini. Wako watu wayapondao majani hayo na kuyatupa majini. Samaki huelea, wakubwa na wachanga pamoja. Wachanga wakifa leo, wavuvi wa Nyamagana watavua nini kesho? Kwa hiyo Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 yakataza kuvua kwa sumu. Bali kwa mkulima utupa una faida: unga wa majani makavu huua wadudu walao nafaka ghalani.

Swali: Utupa wafaa wapi, na wadhuru wapi?