Sola Ikifa, ni Mzigo wa Nani? Maswali na Majibu ya Marudio

Maswali haya nimeyaandaa kwa wanafunzi wa masomo ya mazingira hapa Kakamega. Jibu kwanza kwenye karatasi yako, kisha ulinganishe. Swali la 4 na la 7 yasome mara mbili, maana ndiyo yanayowapotezea wengi alama.

1. Eleza maana ya wajibu uliopanuliwa wa mzalishaji. (Alama 3)

Ni kanuni inayomtaka aliyeleta bidhaa sokoni aendelee kuwajibika hata baada ya bidhaa hiyo kuisha kazi: agharamie kuikusanya, kuichakata na kuyatupa mabaki yake kwa usalama. Thomas Lindhqvist wa Sweden ndiye aliyeliwasilisha wazo hili mwaka wa 1990. Usiandike "mchafuzi hulipa" ukaishia hapo. Kanuni hiyo ya pili humdai mtu akishachafua. Hii ya kwanza humfikia mzalishaji akiwa bado anachora bidhaa yake, ili atengeneze kitu kinachofunguka na kurekebishika, kwa kuwa anajua kitamrudia.

2. Taja misingi ya kisheria ya wajibu huo nchini Kenya. (Alama 4)

Kifungu cha 42 cha Katiba ya 2010, kinachompa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022, hasa kifungu cha 13. Na kanuni za wajibu wa mzalishaji zilizotolewa chini yake mwaka wa 2024. Msimamizi ni NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira. Ongeza Jedwali la Nne la Katiba, linalozikabidhi kaunti kazi ya kuzoa na kutupa taka. Utalihitaji mbele.

3. Kwa nini muuza vyuma vikuukuu hawezi kuachiwa kazi ya kuchakata paneli za sola? (Alama 5)

Mtazame akiwa kazini. Huipiga fremu nyundo pembeni, akavuta alumini ikatoka, akakata nyaya za shaba kwa koleo, akavipima kwenye mizani. Vingine vyote hubaki chini. Sasa kumbuka kwamba katika paneli ya kawaida ya silikoni, kioo peke yake ni takriban robo tatu ya uzito wote. Kioo hicho kimegandamana na plastiki na seli, na viungo vya seli vimelehemiwa kwa madini yenye risasi. Fedha imo pia, lakini ni chembe tu, na kuitoa kunahitaji mitambo na kemikali. Kwa hiyo soko hujichukulia chenye bei na kuwaachia wanakijiji kisicho na bei. Sheria imewekwa ili mtu alipie hicho kisicho na bei.

Simlaumu muuza vyuma. Bila yeye hata hiyo alumini ingelala shambani.

4. Kiwanda kiko China. Je, sheria ya Kenya inamwajibisha nani? (Alama 4)

Wengi huandika "mwenye kiwanda" na kukosa alama zote nne. Katika sheria yetu, mzalishaji ni yule anayeiingiza bidhaa katika soko la Kenya: anayeitengeneza hapa, anayeiagiza kutoka nje, au anayeibandika jina lake jipya. Basi kampuni ya Nairobi iliyoshusha kontena la paneli Mombasa ni mzalishaji, ijapokuwa haijawahi kuunda hata seli moja. Inaweza kutimiza wajibu wake peke yake au kwa kujiunga na wenzake katika mpango wa pamoja.

5. "Jibu linalozungumzia paneli bila betri ni nusu jibu." Jadili. (Alama 6)

Paneli nzuri hudumu miaka 25 au zaidi. Betri hufa mapema sana, na ndiyo yenye sumu iliyo karibu na watoto. Tumia mfano wa Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri za risasi kilifanya kazi kati ya 2007 na 2014 na kuwatia wakazi sumu. Phyllis Omido aliyeongoza harakati za wakazi hao alipata Tuzo ya Goldman mwaka wa 2015. Mwaka wa 2020 mahakama ya mazingira iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3, Mahakama ya Rufaa ikaiondoa, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha. Hiyo ni zaidi ya miaka kumi ya kudai haki, na waliozikwa katikati hawakuiona hukumu.

Kazi ya kiwanda kile nayo ilikuwa ni "kuchakata". Usimpe alama mtu kwa neno hilo mpaka akueleze kazi imefanywa wapi, na nani, na moshi umekwenda wapi.

6. Vipi sola zilizouzwa kabla ya sheria? (Alama 4)

Umoja wa Ulaya uliingiza paneli katika agizo lake la taka za kielektroniki mwaka wa 2012. Januari 2022, katika kesi iliyotoka Jamhuri ya Cheki, Mahakama ya Haki ya Umoja huo iliamua kuwa wazalishaji hawawezi kubebeshwa gharama za paneli zilizoingia sokoni kabla ya tarehe 13 Agosti 2012. Agizo likarekebishwa mwaka wa 2024. Funzo kwa mtahiniwa wa Kenya: taa na paneli zilizonunuliwa miaka ya nyuma zinaweza kubaki yatima, nyingine kampuni zake zimeshafungwa. Hapo mfuko wa umma utahitajika.

7. Mama mmoja wa Shinyalu ana paneli iliyopasuka na taa tatu zilizozima. Alizilipia kidogo kidogo kwa M-Pesa hadi zikawa zake. Eleza sheria inavyomfikia. (Alama 10)

Kwa karatasi imemfikia: mwagizaji ana wajibu, NEMA ina mamlaka. Kwa miguu, bado. Paneli yake imekuwa kifuniko cha banda la kuku. Taa zimo kwenye gunia nyuma ya mlango. Wachakataji wenye vifaa wako Nairobi, zaidi ya kilomita 350. Nauli ya bodaboda mpaka mjini Kakamega tu inazidi thamani ya vitu hivyo. Mwishowe gunia litamwagwa shimoni, au litafika jaa la Rosterman, mahali palipochimbwa dhahabu enzi za ukoloni.

Alama za juu ni za atakayesema waziwazi kuwa pengo liko kwenye kukusanya. Ajenti aliyekwenda mpaka mlangoni kumuuzia anaijua njia hiyo. Mwagizaji amlipe airudie kuchukua mabaki. Kaunti nayo, kwa kazi yake ya Jedwali la Nne, itenge mahali pa kuyapokea katika kila wadi, palipoezekwa na kufungwa.

Ukimaliza mtihani, nenda kwenye kikao cha ushirikishaji wa umma cha bajeti ya kaunti, usimame, uulize mahali hapo patakuwa wapi katika wadi yenu.